Mwanamakwale wa Mtandaoni

Zebedayo wa Makwale alikuwa mtu anayependa kusikilizwa, na kwa bahati yake akaoa mwanamke anayejua kusema. Katika nyumba yao iliyozungukwa na migomba na kokoa, maneno yote yenye ladha yalitoka kwa mkewe, Angetile, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Nancy kwa jina la binti yao mkubwa. Zebedayo mwenyewe alikuwa na sauti nzito, nzuri, iliyobeba besi ya kwaya peke yake wenzake wakiugua. Lakini kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimshukuru kila mara kabla hajamaliza. Kasoro yake ilikuwa salamu. Hakuweza kusema jambo lolote bila kwanza kuwasalimu wazee, akina mama, vijana na wageni kama wapo, kisha kuulizia hali ya mvua. Akija kufika kwenye hoja, watu wameshaanza kukung'uta vumbi nguoni ili waondoke.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, soko likiwa huria na kila mwenye lori akiwa mfanyabiashara. Wanunuzi wa mpunga walimiminika Kyela kila mavuno, nao walikuja na lumbesa yao. Gunia likijaa halifungwi. Linashonewa kipande kingine juu, linashindiliwa tena mpaka linaota shingo na kichwa, na bado mnunuzi anaapa kwamba ni gunia moja. Mkulima akilalamika anaambiwa soko ni huria, apeleke mpunga wake kwingine. Na huko kwingine magunia nayo yalikuwa na vichwa.

Siku moja Zebedayo alipanda baiskeli kwenda Kyela mjini kutoa kopi ya cheti cha ubatizo. Mashine ya kopi ilikuwa dukani kwa Mwasiti. Baba yake Mwasiti alikuja zamani kutoka Kilwa na robota za vitambaa, akasema atakaa msimu mmoja, akazikwa hapa hapa. Binti alizaliwa Kyela, Kinyakyusa anakimwaga kama maji, ila akikasirika anarudi kwenye Kiswahili cha baba yake na hapo hakuna anayeweza kumjibu. Mbele aliuza kanga na sabuni. Chumba cha nyuma aliweka kompyuta mbili zilizounganishwa na waya wa simu, ubaoni nje akaandika INTANETI, na wateja waliingia kuuliza kama hiyo nayo inauzwa kwa kipimo.

Zebedayo alipokuwa akingoja kopi yake, alimkuta Mwasiti anacheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Ni Watanzania walioko ng'ambo, mzee. Wana baraza lao humu, wanabishana siasa usiku na mchana. Leo wanagombania mchele wa Kyela. Huyu wa Uingereza anasema mchele umepanda bei kwa sababu wakulima wa Kyela wana tamaa."

Zebedayo aliomba asomewe tena, polepole. Kisha akavua kofia.

"Anaweza kujibiwa?"

"Anaweza. Mtu yeyote anaweza. Ila lazima uwe na jina la humu ndani, na wengi hawatumii la kwao."

Zebedayo akafikiri juu ya wanunuzi, ambao wakimjua watampitia mbali msimu ujao. "Andika mwana wa Makwale," akasema. "Maana ndivyo nilivyo."

Mwasiti akaandika kwa kuunganisha, Mwanamakwale, na kuweka vidole tayari. Zebedayo akasimama, akakohoa, akaanza. Aliwasalimu wazee waliomo barazani, akina mama, vijana, na wote walio ugenini kwenye baridi. Akawaulizia mvua. Mwasiti aliandika yote, kwa kuwa mteja alikuwa akilipia muda na si maneno. Baada ya hapo Zebedayo akaeleza lumbesa ni kitu gani, na alipotafuta namna ya kumaliza, likamjia jambo ambalo Angetile alilisema jikoni juzi yake huku akipepeta: "Gunia likiwa na shingo na kichwa, hilo ni mtu, na mtu hauzwi."

Aliporudi mjini wiki iliyofuata, Mwasiti alimwita kutoka mbali kwa mkono. Majibu yalikuwa yamejaa kioo kizima, ukishuka unakuta mengine. Yule wa Uingereza alikuwa ameomba radhi. Mwingine wa Marekani alisema aliposoma zile salamu na kuulizwa habari za mvua alikumbuka nyumbani mpaka akalazimika kwenda kunywa maji. Na wote, mmoja baada ya mwingine, waliandika "dada Mwanamakwale", "mama yetu Mwanamakwale".

"Kwa nini wananiita dada?" Zebedayo akauliza.

Mwasiti akajishika kidevu. "Mzee, nisamehe. Kwetu pwani kuna Mwanaidi, kuna Mwanahamisi, kuna Mwanahawa. Wote wanawake. Nimekuandika kama shangazi yangu."

"Basi badilisha."

"Halibadiliki. Na ona huyu anavyosema: maneno haya hayawezi kutoka kwa mwanamume."

Zebedayo alitazama ile sentensi kwa muda mrefu. Ilikuwa kweli.

Basi akaendelea. Kila siku ya soko alikuwa kwa Mwasiti, amesimama nyuma ya kiti, kofia mkononi, akisalimu dunia. Aliandika kuhusu daraja la miti lililobebwa na mafuriko, kuhusu bwana shamba ambaye watu walimjua kwa picha tu, kuhusu hotuba za viongozi zinazoanza wakati jua limeshachoma watoto wa shule waliopangwa mstari. Simu ya dukani ikipigwa mtandao ulikatika, naye alingoja kwa adabu kisha akaanza upya kwenye salamu. Baraza zima lilimngojea.

Nyumbani mabadiliko yalionekana upesi. Zebedayo, aliyekuwa akisinzia mara mkewe anapoanza kusema, sasa alisogeza kigoda jikoni. Alitikisa kichwa. Aliomba arudiwe.

"Baba Nancy," Angetile akamwambia, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona siku hizi unanisikiliza?"

Alijibu kwamba ni upendo, jibu lililomwogopesha mkewe zaidi, hata akamweleza mke wa mchungaji, na Jumapili ile Zebedayo akaombewa kwa jina bila kujua kosa lake.

Mwaka wa uchaguzi ukafika. Miongoni mwa waliotaka kuteuliwa na chama kugombea ubunge alikuwamo Bwana Hezroni, mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye babu yake alizaliwa huku. Kinyakyusa alikuwa nacho kidogo, kama maneno ya salamu na majina ya vyakula. Lakini kompyuta aliijua, na huko Dar alikuwa amesoma kila neno la Mwanamakwale. Akaamua kwamba mama huyo akipigwa naye picha moja tu, waliotoka Kyela popote walipo watawapigia simu ndugu zao, na kura zitakuja zenyewe.

Akaingia dukani kwa Mwasiti siku ya soko, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kanga mpya mkononi kama zawadi. Zebedayo alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi.

"Nimeambiwa kompyuta za mtandao Kyela ziko hapa tu," Hezroni akasema. "Kwa hiyo Mwanamakwale anaandikia hapa. Nataka kuonana naye."

Mwasiti akamtazama Zebedayo. Zebedayo akatazama sabuni.

"Hayupo," Mwasiti akasema. "Amesafiri."

"Kwenda wapi?"

Mwasiti alitafuta mahali pa mbali, pasipo na barabara, ambapo mtu wa viatu kama vile hangejisumbua kufika. "Ikombe. Kufuata vyungu."

"Basi nitamfuata," Hezroni akasema, na akamgeukia yule mzee wa benchi. "Shikamoo, baba. Wewe unamfahamu huyu mama?"

"Marahaba," Zebedayo akajibu. Hakuzoea kusema uongo, akachagua kipande cha ukweli. "Namfahamu kiasi."

"Vizuri sana. Utanipeleka."

Hivyo ndivyo Zebedayo alivyojikuta kwenye gari jeupe kuelekea Matema, anakwenda kujitafuta mwenyewe. Kutoka Matema hakuna gari linaloendelea. Milima imeshuka mpaka majini na njia ni mtumbwi. Hezroni alivua viatu, akavifunga kamba, akavivaa shingoni, akaketi katikati ya mtumbwi akiwa ameshika kingo zote mbili. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo ya asubuhi, lakini kwake yalitosha. Ili asiyatazame maji, alizungumza.

"Yule mama ana akili sana," alisema. "Ile ya gunia lenye kichwa nimeisema kwenye mikutano mingi. Watu wanacheka mpaka basi."

Zebedayo alikaa wima. Hakuna aliyewahi kumsifu usoni namna ile, hata kama aliyesifiwa alikuwa mwanamke. "Na zile salamu zake," akauliza kama asiye na haja, "nazo unazipenda?"

"Salamu huwa naziruka. Ni ndefu."

Zebedayo hakusema naye tena mpaka walipofika.

Ikombe wanawake walikuwa kazini, udongo umewafika viwikoni, vyungu vimepangwa vikikauka. Hezroni aliuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemjua Mwanamakwale. Wengine walidhani ni mkewe amemkimbia, wakampa pole na kumshauri asimfuate mikono mitupu. Bibi mmoja aliyekuwa akisugua chungu kwa kokoto alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unamtafuta mwanamke mwenye maneno," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Chagua hapa. Wote tunayo. Ila nunua chungu kwanza."

Mtu anayetaka kura hawezi kukataa chungu, hata kama kura za pale haziko kwenye hesabu zake. Aliponunua kwa bibi huyo, wa jirani akauliza yeye kakosa nini. Aliponunua kwa jirani, wa ng'ambo ya njia wakaja na vyao. Mtumbwi ulirudi umezama karibu na ukingo, Hezroni amepakata chungu kikubwa cha kupikia pombe, uso wake unaonekana juu ya mdomo wa chungu kama kifuniko. Kila wimbi lilipogonga aliomba Mungu kwa Kinyakyusa, na Zebedayo akagundua kwamba lugha ile mtu huyu aliijua vizuri kuliko alivyojionyesha.

Njia ya kurudi mjini inapita Makwale, na saa ya kula ilikuwa imepita. Hapo Zebedayo alipata tabu. Kumpeleka mgeni nyumbani kulikuwa hatari, lakini kumpitisha mgeni mwenye njaa mbele ya nyumba yako ni jambo ambalo hakulelewa nalo. Adabu ikashinda. Akamwambia dereva asimame.

Angetile aliwakaribisha kwa wali na samaki wa mbasa, akasogeza maji ya kunawa, kisha akatoka kutazama gari. Akarudi.

"Baba, vyungu vyote vile, una wake wangapi?"

"Mmoja tu, mama," Hezroni akasema mdomo umejaa.

"Basi anapika sana."

Hezroni alicheka, akausifia wali, akasema kwamba Dar es Salaam mchele kama huo ni bei juu. Lilikuwa jambo la kusema tu ili asikae kimya. Angetile akaweka mwiko chini.

"Huko ni juu, hapa ni chini, na katikati kuna gunia. Wewe umesoma, niambie. Gunia likiwa na shingo na kichwa, hilo si ni mtu? Na mtu hauzwi."

Mkono wa Hezroni ulisimama nusu ya njia kwenda kinywani. "Mama, rudia hayo maneno."

Akarudia.

"Hayo nimeyasoma."

"Umeyasoma wapi? Mimi niliyasema hapa hapa jikoni, nikipepeta. Walikuwepo kuku na huyu."

Wote wawili wakamtazama Zebedayo. Zebedayo akaweka sahani chini, akasimama, akakohoa. "Kwanza kabisa," akaanza, "namsalimu mgeni wetu, namsalimu na mama wa nyumba hii..."

"Baba Nancy," Angetile akasema, "fika."

Akafika. Alieleza kompyuta, Mwasiti, jina, na wale watu wa ng'ambo. Hezroni alikamilisha pale mzee alipokwama, kwa kuwa maneno mengi aliyakumbuka kuliko hata mwandishi. Angetile alisikiliza huku akitoa miiba kwenye samaki bila kula.

"Wamesikia watu wengi?" akauliza mwisho.

"Maelfu, mama," Hezroni akasema.

"Nao wanajua ni mwanamke?"

"Hilo hawana shaka nalo."

"Hapo sawa." Akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza kuyabeba mabichi. La yule bwana shamba nililisema vibaya, nilikuwa na hasira. Ungeniuliza ningelinyoosha kwanza."

Zebedayo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa mwezi mzima. Hakujua afanye nini na mikono yake, akawamiminia watu maji ambayo hawakuyaomba.

Hezroni akaona mlango umefunguka. Alitoa ile kanga, akaomba picha, akamwalika Mama Nancy kwenye mkutano ambapo wote wanaoutaka ubunge wangejieleza mbele ya wananchi. Angetile alisema picha wapige wote watatu na kuku, kanga ampe bibi wa Ikombe aliyemuuzia chungu kile kikubwa, na kwenye mkutano atakuja.

"Lakini sitakuja mikono mitupu," akasema. "Nitakuja na gunia."

Uwanja ulijaa siku hiyo. Wagombea walikaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Kila mmoja alieleza elimu yake, ndoa yake na mapenzi yake kwa Kyela. Ulipofika wakati wa maswali, vijana wanne wa kwaya ya Zebedayo waliingia wamebeba lumbesa, wakaitua mbele ya meza kwa kishindo. Ilikuwa ndefu, ikasimama usawa wa macho ya wagombea waliokaa, kichwa chake kimeinama kidogo upande kama kinachosikiliza.

Angetile alichukua kipaza sauti. "Swali langu ni fupi, na nitamuuliza kila mmoja. Hili ni gunia moja au si gunia moja?"

Wa kwanza alisema hilo ni suala mtambuka. Wa pili alisema litaundiwa kamati. Wa tatu aliomba kwanza ajue wanunuzi wanasemaje, na watu wakamweleza kwa kelele. Ikafika zamu ya Hezroni. Alisimama, akatengeneza suti.

"Hili si gunia moja," akasema, na uwanja ukalipuka kwa makofi.

Angetile akangoja makofi yaishe. "Basi utafanya nini, na utaanza lini?"

"Tukishapata ridhaa ya wananchi, mama, tutakaa, tutalitazama kwa upana wake..."

"Ndaga fijo," Angetile akamshukuru, akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Watu walicheka muda mrefu kuliko walivyopiga makofi.

Kesho yake mume na mke waliingia pamoja dukani kwa Mwasiti. Angetile alitazama kompyuta mbele na nyuma, akauliza mahali yanapotokea maneno, akaambiwa ni kwenye waya, akaukagua waya. Kisha akavuta kiti kando ya Mwasiti, pale mumewe alipozoea kusimama, akasema neno kwa neno alichojibu kila mgombea. Hakuongeza lake hata moja. Zebedayo aliruhusiwa salamu, ila ziwe mstari mmoja.

Kilichofuata kiliwashangaza hata wao. Walioyasoma wakiwa ng'ambo waliwapigia simu ndugu zao Dar, wa Dar wakawapigia wazazi wao Kyela, na kabla siku haijaisha wazee ambao hawajaona kompyuta hata dirishani walikuwa wakimsimamisha mgombea barabarani na kumwuliza suala mtambuka ni mdudu gani. Hezroni hakuteuliwa. Aliteuliwa yule wa kamati, akashinda, na akagundua kwamba amejifunga kwa neno moja. Akienda harusini Dar aliulizwa kamati imefika wapi. Akienda msibani Mbeya aliulizwa kwa sauti ya chini, kwa kuheshimu marehemu. Mwishowe ilipatikana kamati kweli, ikakaa, na sokoni pakawekwa mizani na tangazo kwamba gunia lenye kichwa halitoki.

Msimu wa kwanza wanunuzi walitii. Msimu wa pili wakaacha magunia na kuanza kununua kwa debe walilolipiga mateke mpaka likatanuka. Angetile alilitazama debe lile, akafunga kanga kiunoni, na siku ya soko alikuwa kwa Mwasiti.

Walifika hivyo kwa miaka, kwenye baiskeli moja, wakibishana njia nzima juu ya koma na nukta. Watu walimshawishi Angetile agombee udiwani, akakataa kwa sababu vikao vya halmashauri vinaangukia wakati wa palizi. Hezroni alirudi Dar na vyungu vyake. Inasemekana mkewe alipanda maua humo, na kwamba hotuba zake siku hizi ni fupi.

Zebedayo hakuona wivu, au aliuona akaumeza vizuri. Ila siku moja alimwomba Mwasiti faraghani amfungulie jina la kwake, lenye Zebedayo wazi wazi, asije akaitwa dada tena. Akaandika juu ya uimbaji wa besi, jambo alilolijua kwa moyo wote, akaanza na salamu zote bila kupunguza hata moja. Wiki nzima alikwenda mjini kila siku kuangalia kama amejibiwa. Mwishowe likaja jibu, moja, kutoka kwa yule mtu wa Uingereza, ambaye alimshukuru mzee kwa maelezo mazuri na, kwa kuzitambua zile salamu, kuuliza kama mama yetu Mwanamakwale hajambo.

"Mwambie hajambo," Zebedayo akamwambia Mwasiti, akavaa kofia yake. Halafu akaivua tena. "Na muulize mvua huko."